Kwa Upanga, na Upanga

Hadithi za akina Conan zilisomwa karibu miaka thelathini kabla hazijapata jina. Conan, pande la mtu kutoka Cimmeria, alitokea kwanza Desemba 1932 katika jarida la Marekani la Weird Tales, kwa kalamu ya Robert E. Howard. Mwaka 1961 ndipo Mwingereza Michael Moorcock alipouliza tuziiteje, na Fritz Leiber, aliyekuwa akiziandika mwenyewe tangu 1939, akajibu kwa maneno ninayoyaweka hivi: upanga na sihiri.

Nimesema sihiri, sikusema uchawi. Uchawi kwetu una ujirani ndani yake. Mrogaji na mrogwa mara nyingi huchota maji kisima kimoja. Mahasimu wa Conan ni akina Thoth-Amon, kuhani wa mungu nyoka huko Stygia ya kubuni. Sihiri inawatosha.

Lakini neno linalonikosesha usingizi ni lile dogo la katikati. "Na" ya Conan ni ya ugomvi: upanga huku, sihiri kule. Conan hupigana kwa upanga, na chuma chake ni chuma. Kikivunjika atashika shoka. Kweli, katika kisa chake cha kwanza mzee wa hekima aliyekufa zamani humtilia alama upangani, na kipande kilichobaki ndicho kinachomuua jinamizi aliyemvamia. Hata hivyo Conan hakuiomba alama ile, nayo haimdai kitu baadaye.

Mhariri wa jarida la Science Fantasy, John Carnell, alitaka hadithi za mkondo wa Conan. Moorcock akampa Elric, aliyechapishwa mwaka huohuo wa 1961, na Elric ni Conan aliyepinduliwa kila upande. Conan ni mshenzi anayejitwalia kiti cha enzi. Elric amezaliwa mfalme wa dola inayooza, naye ndiye anayewaongoza maharamia kuuteketeza mji wake mwenyewe, Imrryr. Mwili wake ni dhaifu, tena ana ualbino (neno letu la zamani silitumii, na msomaji wa Tanzania akikunja uso kuona hali hiyo ikifanywa pambo la hadithi ya sihiri, ana haki). Nguvu anazipata kwa Stormbringer, upanga unaokunywa roho za unaowaua na kumgawia mwenyewe. Humo Imrryr unamuua Cymoril, mpenzi wake.

Hapa upanga ndio sihiri, na sarufi yetu inalisema jambo hili vizuri kuliko Kiingereza. Conan anapigana kwa upanga. Ukisema Elric anapigana na upanga, Mswahili atasikia kwamba upanga ndio adui, na atakuwa amesikia sawasawa. Tena mwisho wa masimulizi yake Elric anauawa na upanga wake, wala si kwa upanga: "kwa" ni ya chombo, "na" ni ya mtenda.

Sasa mtu huyu tumwiteje? "Mkinzani" tumeshampa anayempinga mhusika mkuu, na Elric ndiye mkuu. "Shujaa kinyume" linanuka woga, naye si mwoga hata kidogo. "Jagina" ana watu nyuma yake. Fumo Liyongo wa utenzi alipokufa palikuwa na watu wa kumlilia. Elric watu wake kawamaliza. Kwa hiyo nimekuwa nikijaribu "jagina mkiwa", kwa sababu ukiwa ni upweke wa mtu na pia ni ugofu wa mji, na Elric anayo yote mawili, la pili kwa mkono wake.

Jina hilo halimfai Kane wa Karl Edward Wagner, aliyeingia vitabuni mwaka 1970. Huyu ana misuli ya Conan na elimu ya Thoth-Amon katika mwili mmoja, hafi kwa uzee, anaua, na hajutii sana. Kumwita mkiwa ni kumwonea huruma asiyoihitaji. Kane ni jahili, neno ambalo kamusi inalo siku zote.