Matengenezo ya gari la zamani kabla ya safari ndefu

Matengenezo ya gari la zamani kabla ya safari ndefu ni ukaguzi, ukarabati na uboreshaji unaofanywa kwa gari lililotumika miaka mingi ili liweze kubeba watu na mizigo kwa mamia ya kilomita bila kuharibika au kusababisha ajali. Makala hii inahusu hasa magari ya magurudumu manne, kama vile Toyota Land Cruiser, Land Rover na Nissan Patrol, yanayotumiwa na familia zinazohama. Mfano unaotumika ni safari ya kutoka Itungi, wilaya ya Kyela, mkoa wa Mbeya, kwenda Dar es Salaam nchini Tanzania.

Historia

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1948. Bodi yake ilitengenezwa kwa aloi ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Toyota ilianza kutengeneza gari la aina hiyo mwaka 1951, na jina la Land Cruiser likaanza kutumika mwaka 1954. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ilitoka mwaka 1984. Nchini Tanzania gari hilo hujulikana kwa jina la "mkonga", kutokana na bomba la kuvutia hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele.

Tanzania, Kenya na Uganda huendesha upande wa kushoto wa barabara, sawa na Japani. Hii ni sababu moja ya magari mengi yaliyotumika Japani kuuzwa Afrika Mashariki. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania huruhusu, lakini hutoza ushuru wa nyongeza kutokana na umri wa gari. Kwa hiyo si ajabu kukuta gari la miaka 20 au 30 likiwa bado kazini.

Mazingira ya safari

Itungi ni bandari katika ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Uso wa ziwa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya kutoka Kyela hupanda kupitia Tukuyu, hupita kando ya mlima Rungwe na kuvuka mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 kabla ya kushuka Uyole, mashariki mwa Jiji la Mbeya. Hapo huungana na barabara kuu ya TANZAM, inayopita Makambako, Mafinga, Iringa, mteremko wa Kitonga, Mikumi na Morogoro hadi Dar es Salaam. Safari nzima ina urefu wa zaidi ya kilomita 900.

Njia hii hulijaribu gari kwa namna nne:
* Joto na unyevu. Kyela ni tambarare yenye joto na hupata mvua nyingi kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Maji na tope huingia kwenye beringi, ngoma za breki na viungio vya nyaya, na kutu hula fremu.
* Mpando mrefu. Injini hufanya kazi nzito mwanzoni tu mwa safari.
* Hewa nyepesi. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 uzito wa hewa hupungua kwa karibu asilimia 20. Injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na ikilazimishwa hutoa moshi mweusi.
* Miteremko. Sehemu hizi ndizo za hatari zaidi.

Mpangilio wa kazi

Familia inayohama mara nyingi haina fedha za kutengeneza kila kitu kwa wakati mmoja. Kanuni inayofaa ni kuanza na vitu vinavyoweza kuua (breki, tairi na usukani), kufuata vinavyoweza kusimamisha gari njiani (mfumo wa kupoza, mikanda, mafuta na umeme), na kumalizia na vinavyoongeza starehe. Rangi mpya, viti vipya na redio huja mwisho.

Breki

Gari linaposhuka mlima, nishati yake hugeuka kuwa joto. Gari lenye uzito wa kilo 2,500 likishuka mita 1,500 hutoa nishati ya karibu megajuli 37, ambayo ni takriban sawa na nishati iliyomo katika lita moja ya dizeli. Inatosha kuchemsha zaidi ya lita 100 za maji ya kawaida. Dereva akitegemea breki peke yake, sehemu kubwa ya joto hilo huishia kwenye diski, ngoma na pedi.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani kadiri yanavyokaa. Kiwango cha chini cha kuchemka kwa mafuta mapya ya DOT 3 ni nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji hushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 viwango hivyo ni nyuzi 230 na 155. Mafuta yakichemka, mapovu ya mvuke hujaa kwenye mabomba, pedali huzama na breki hazishiki. Ndiyo maana mafuta ya breki hubadilishwa hata kama hayajapungua. Muda unaopendekezwa kwa kawaida ni miaka miwili.

Fundi hukagua pia unene wa pedi, hali ya ngoma za nyuma, mipira ya breki iliyopasuka, uvujaji kwenye silinda za magurudumu na breki ya mkono.

Tairi, usukani na springi

Umri wa tairi husomwa kwenye tarakimu nne zilizopigwa ubavuni baada ya herufi DOT. Mfano, 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri lakini mpira wake umezeeka na kuanza kupasuka ubavuni. Tairi la akiba hukaguliwa kama mengine, kwa kuwa mara nyingi ndilo lenye umri mkubwa kuliko yote.

Gari huinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya vishikizo imara, kisha kila gurudumu hutikiswa. Kucheza kwake huonyesha beringi, boljointi au tairodi zilizolegea. Shokapu zinazovuja mafuta na bushi zilizokwisha hubadilishwa, halafu hupimwa mwelekeo wa magurudumu.

Mfumo wa kupoza na injini

Kuchemsha ni moja ya sababu kuu za injini za zamani kuharibika. Rejeta iliyoziba kwa kutu au matope huweza kutosheleza safari fupi za tambarare, lakini hushindwa kwenye mpando. Kwenye mita 2,000 maji huchemka karibu na nyuzi 93 badala ya 100, na mfuniko wa rejeta hufanya kazi ya kutunza shinikizo ili yasichemke mapema. Mfuniko uliolegea, ambao ni wa bei ndogo, unaweza kuunguza gasketi au kupasua silinda hedi. Baadhi ya mafundi huondoa themostati ili injini ipoe. Njia hiyo huficha tatizo badala ya kulitibu. Mfuniko haufunguliwi kamwe injini ikiwa ya moto.

Mkanda wa taimingi hauonyeshi dalili nyingi kabla ya kukatika. Injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita yenye ujazo wa lita 4.2 inayopatikana kwenye Land Cruiser nyingi, hutumia mkanda ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali zinaweza kugonga pistoni. Ikiwa historia ya gari haijulikani, hubadilishwa bila kusubiri.

Oili ya injini, ya giaboksi na ya difu hubadilishwa pamoja na filta. Oili ya difu yenye rangi ya maziwa ni dalili kwamba maji yameingia, jambo la kawaida kwa magari yanayopita kwenye mafuriko. Oili chafu haimwagwi mtaroni wala ziwani. Ziwa Nyasa lina mamia ya spishi za samaki ambao wengi wao hawapatikani kwingine duniani, na wakazi wa ufukoni hutegemea maji yake.

Umeme

Betri nzima ya volti 12 iliyojaa husoma karibu volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Injini ikiwaka, altaneta inapaswa kutoa takriban volti 13.8 hadi 14.4. Nyaya zilizoungwa kiholela kwa ajili ya taa na redio huondolewa, kwa kuwa huweza kuwasha moto.

Uboreshaji

Uboreshaji wenye manufaa ni ule unaolingana na kazi ya gari: springi za nyuma zenye nguvu zaidi kwa mzigo, taa bora, tairi za ukubwa ulioidhinishwa na kiwanda, na mkonga kwa anayevuka maji. Kufunga tabo kwenye injini isiyoundwa kwa tabo huongeza nguvu, lakini pia huongeza joto. Rangi na namba ya injini huandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo mabadiliko yake huripotiwa kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Kupakia mizigo

Kila gari lina uzito wa juu uliowekwa na kiwanda, ukijumlisha abiria, mafuta na mizigo. Vitu vizito kama magunia ya mchele huwekwa chini na karibu na katikati ya gari. Mzigo mzito juu ya keria hurahisisha gari kupinduka kwenye kona. Magodoro na vitu vyepesi ndivyo vinavyofaa kufungwa juu. Mizigo ya ndani hufungwa kwa kamba ili isiwagonge abiria gari linapofunga breki ghafla. Upepo wa tairi za nyuma huongezwa kufuatana na maelekezo ya kiwanda.

Safari ya majaribio na mwendo

Matengenezo makubwa hayafanywi siku moja kabla ya kuondoka. Gari huendeshwa kwanza kwa safari ya majaribio ili kasoro za kazi ya fundi zijitokeze karibu na nyumbani. Kwa mkazi wa Itungi au Kyela, kupanda hadi Tukuyu na kurudi ni kipimo kizuri: mpando huonyesha hali ya rejeta na klachi, na mteremko huonyesha hali ya breki.

Dereva huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya mteremko, ili injini isaidie kuzuia gari. Kushuka kwa nyutro au kwa injini iliyozimwa ili kuokoa mafuta ni hatari, kwa sababu injini haizuii tena mwendo. Ikizimwa, hata msaada wa breki na usukani hupotea. Mteremko wa Iwambi karibu na Mbalizi, magharibi mwa Jiji la Mbeya, umeshuhudia ajali nyingi za malori yaliyoshindwa kusimama. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi mwendo wa juu ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku, kwa ajili ya wanyama wanaovuka.

Tazama pia
* Bandari ya Itungi
* Kyela
* Barabara ya TANZAM
* Toyota Land Cruiser
* Usalama barabarani