Ardhi Isiyochimbika

Anunuaye ardhi ya makaburi humnunulia mtu asiyeweza kuikagua. Atakayelazwa humo haulizi bei wala halalamikii udongo. Amana yake yote imo mikononi mwa walio hai. Ndiyo maana katika miji ya mwambao ardhi ya kuzikia aghalabu iliwekwa wakfu, ikatolewa sokoni, isiuzwe wala isirithiwe. Nairobi, iliyoanza kama kituo cha reli mwaka 1899, ilishika njia nyingine: makaburi ya umma yakawa shughuli ya baraza la jiji, na nafasi ya maiti ikategemea bajeti.

Kwa miaka mingi jambo hilo halikuonekana zito. Wengi waliishi Nairobi lakini wakazikwa kwao. Kesi ya mwanasheria S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986, ilidhihirisha nguvu ya desturi hiyo: mjane wake alitaka kumzika karibu na jiji, ukoo ukataka azikwe Nyalgunga, na Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo haki. Lakini si kila marehemu ana kwao. Wapo wasio na shamba la ukoo, wapo ambao jamaa zao hawana nauli ya jeneza, na wapo watoto wachanga. Kwa hao, tegemeo lilikuwa makaburi ya Lang'ata. Na mwaka 1996 Lang'ata ikatangazwa kuwa imejaa.

Zaidi ya miaka kumi ilipita kabla ya baraza kupata ardhi nyingine. Sheria iliiruhusu Serikali kutwaa ardhi ya mtu binafsi kwa manufaa ya umma na kumlipa fidia. Baraza lilichagua kununua kwa zabuni. Kati ya 2008 na 2009 zikalipwa shilingi milioni 283 kwa ekari 120 za Mavoko, nje ya mipaka ya jiji. Thamani yake ilikadiriwa kuwa milioni 24 hivi. Hata muuzaji, kwa mujibu wa uchunguzi, aliambulia milioni 110 tu. Zilizobaki zilipotelea njiani. Kisha ikabainika kuwa udongo wenyewe haukuwa na kina cha kutosha kuzikia.

Mwaka 2018 mahakama iliwahukumu vifungo baadhi ya waliokuwa maofisa wakuu wa wizara na wa baraza. Magazeti yalishughulika zaidi na bei, na ilistahili. Lakini kwa msomaji wa visiwani, anayejua taabu ya kuchimba mwanandani penye mwamba wa matumbawe, kosa la udongo lina uzito wa pekee. Bei huweza kufichwa katika makaratasi. Kina cha ardhi hakifichiki, kwani jembe moja na asubuhi moja zingetosha kukipima. Asiyelipeleka jembe hilo hakuwa na nia ya kumzika mtu pale.

Maiti za Nairobi hazikungoja hukumu. Ziliendelea kupelekwa Lang'ata, palipokwisha kujaa, na makaburi ya muda yakachimbwa upya ili kupokea wengine. Gharama ya ununuzi ule ililipwa mara mbili: kwanza na hazina ya umma, kisha na maskini aliyeondolewa nafasi kaburini mwake.