Mbwa wa Kishenzi

Likizo iliyopita nilikwenda kwetu Suma, kule Rungwe, nikarudi mjini na mzigo ambao haukuwamo katika bajeti. Ni mbwa. Umri wake miezi saba, mama yake mbwa wa pale pale kijijini, na baba, ukiyatazama yale masikio yaliyosimama, si wa jirani. Hatulii hata dakika moja. Kwa siku tatu nilizokaa alikuwa ameua kuku wawili wa watu na kutafuna kandambili zangu zote mbili.

"Mchukue, mwanangu," aliniambia mzee mwenye mbwa. "Ngedere wanamwogopa, mahindi yangu yamepona. Lakini akigusa kuku wa tatu, mimi sitaweza kumtetea tena."

Nikamchukua. Jirani yangu wa mjini alipomwona akacheka: "Yaani umetoka Tukuyu yote hiyo na mbwa wa kishenzi?"

Neno hilo lina historia. Enzi za mkoloni, walowezi wa Afrika Mashariki waliliingiza katika Kiingereza chao. Mbwa aliyeletwa kwa meli alikuwa na jina na ukoo ulioandikwa; wetu alikuwa "shenzi" basi. La kushangaza ni kwamba miaka ile ile Waingereza walikuwa wakihangaika kumpata mbwa wa vijijini kutoka Kongo. Waliopelekwa mwaka 1895 walikufa kwa maradhi. Mwaka 1937 wengine walionyeshwa London, katika maonyesho ya Crufts, na watu wakasukumana kumwona mbwa asiyebweka. Waliitwa basenji. Sikiliza vizuri jina hilo, kisha ulitamke la jirani yangu.

Lakini si kila mahali mambo yaliishia kwenye majina. Kusini mwa Namibia, utawala wa Afrika Kusini ulianzisha kodi ya mbwa mwaka 1917, ukaipandisha mwaka 1921. Unaweza kuuliza, kwa nini mbwa? Kwa sababu mwenye mbwa wa kuwindia ana nyama, na mwenye nyama haendi kuomba kibarua kwa mlowezi. Wabondelswarts walikataa. Mwezi Mei 1922 serikali ilipeleka askari, na pia ndege zilizowaangushia mabomu. Watu zaidi ya 100 waliuawa, wanawake na watoto wakiwamo. Nchi ile ilikuwa imekabidhiwa kwa watawala wake na Shirikisho la Mataifa, ambalo mwaka huo huo lilithibitisha Tanganyika kuwa chini ya Waingereza.

Sisemi kwamba mbwa hana hatari. Kichaa cha mbwa kinaua, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ni nadra mno kupona. Pasteur alimchanja mtoto Joseph Meister kule Paris tarehe 6 Julai 1885, zaidi ya miaka 100 iliyopita, na bado watu wetu wanakufa. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Risasi za mgambo hazijawahi kufanya kazi hiyo.

Kwa hiyo nilimpeleka kwa bwana mifugo. Alihangaika, akaipindua meza, hatimaye akachomwa. Bwana mifugo akachukua cheti, akafika penye nafasi ya kujaza aina ya mbwa.

"Niandike nini hapa, mzee?"

Nikamwambia aandike Suma. Akaandika.