Daftari la Katuni (Sehemu ya 4)

Mama, leo chanjo na homa tuziache kidogo. Mmoja wenu ameniandikia kwamba amechana daftari la binti yake wa miaka 14, kisa limejaa wale watu wa macho makubwa wa anime, katuni za Kijapani. Siku ya tatu sasa mtoto hamsemeshi.

Ngoja nikwambie kitu. Tarehe 21 Desemba 1975, jijini Tokyo, mashabiki walikusanyika ukumbini kuuziana vijitabu walivyochora wenyewe. Vikundi 32 tu, watu kama 700. Unadhani wengi walikuwa nani? Wasichana wa sekondari! Walichukua wahusika wa hadithi wanazozipenda, wakawatungia visa vipya. Soko hilo, Comiket, bado lipo. Kiangazi cha 2019 lilichukua siku 4, mahudhurio yakapita 700,000.

Kundi la CLAMP nalo lilianzia kwenye vijitabu hivyo hivyo miaka ya 1980. Waliobaki ni wanawake wanne, na ndio waliochora Cardcaptor Sakura. Muulize binti yako, huenda anaijua.

Sisemi kila kijitabu ni cha mtoto, hapana. Vingine ni vya wakubwa kabisa, mambo ya chumbani, na siku hizi viko kwenye simu. Hapo kagua bila aibu. Ila kukagua ni kukaa naye akuonyeshe, umuulize huyu ni nani na mbona analia.

Na wewe mama uliyeniandikia, mnunulie daftari jingine leo. Lisilo na mistari.