China: Mapendo ya vijana na jina la tabaka

Chama cha kikomunisti kilichukua utawala wa China mwaka wa 1949 na kuahidi kumaliza matabaka. Sheria ya Ndoa ya 1950 ilikataza kulazimisha vijana kuoana na kutosha mali juu ya binti. Mwanaume alipaswa kufikisha miaka 20, mwanamuke 18.

Lakini miaka ile ile, wakati wa kugawanya mashamba, kila familia kijijini ilipewa jina: mwenye mashamba, mukulima tajiri, mukulima wa katikati, mukulima maskini ao kibarua. Mutoto alirizi jina la baba yake, hata kama shamba lenyewe lilikwisha kunyanganywa. Mali iliisha, tabaka likabaki.

Hapo mapendo yakawa na bei. Askari na wakubwa wa chama waliomba ruhusa kabla ya kuoa, na faili ya muchumba ilichunguzwa. Kuoa mutoto wa «mwenye mashamba» kuliweza kumufungia mutu njia ya kupanda kazini ao kuingia katika chama.

Muzigo haukuwa sawa. Binti wa familia yenye jina baya aliweza kuolewa na mukulima maskini, na watoto wake walichukua jina zuri la baba yao. Kaka yake hakuwa na mulango huo, juu wazazi wa binti hawakutaka wajukuu wenye alama. Wengi walizeeka bila bibi. Familia zingine zilibadilishana mabinti: dada anaolewa kule ili kaka naye apate bibi.

Yu Luoke, kijana wa Beijing, alikataa wazo hilo la damu. Makala yake ilitoka Januari 1967. Aliuawa tarehe 5 Machi 1970, akiwa na miaka 27. Katika 1979 korti ilisema hakuwa na kosa.

Tangu 1968, vijana kama milioni 17 wa miji walitumwa vijijini. Wengine walioana na wakulima. Wakati njia ya kurudi ilifunguka, wenye ndoa kijijini walipata shida zaidi, na kuna walioachana juu ya kurudi mujini.

Januari 1979, serikali ilianza kufuta majina ya tabaka. Lakini kitabu cha kuandikisha watu wa muji na wa kijiji kilibaki. Mpaka 1998, mutoto alifuata mama: baba wa muji aliyeoa mukulima alizaa watoto waliohesabiwa kuwa wa kijiji.