Kikundi cha Queen na Safari ya Sun City, 1984–1985

Mnamo mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti zao zipate kutiwa katika santuri. Safari ile ilikuwa ya kuifuata mitambo, kwa kuwa mitambo ya kunasia sauti ilikuwa huko. Waimbaji walitangulia, na santuri zikaja kuuzwa baadaye katika miji ya pwani. Katika nusu ya pili ya karne ya ishirini, kwa wanamuziki wa Ulaya na Marekani, mambo yaligeuka. Santuri ndiyo iliyotangulia kuenea duniani, na wanamuziki wakaifuata nyuma, mji kwa mji, wakipiga mbele ya watu nyimbo ambazo watu wale walikwisha kuzisikia majumbani mwao. Safari za namna hiyo zilikuwa biashara kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Walakini biashara nayo hupita katika nchi za watu, na nchi za watu zina mambo yake. Kwa sababu hiyo yafaa kuichunguza safari ya kikundi cha Queen ya mwaka 1984 na 1985.

Kikundi hicho cha muziki wa roki kiliundwa London mwaka 1970, na tangu mwaka uliofuata kilikuwa na watu wanne: Freddie Mercury, mwimbaji na mpiga piano, Brian May, mpiga gitaa, Roger Taylor, mpiga ngoma, na John Deacon, mpiga gitaa la besi. Mwezi wa Februari 1984 walitoa santuri ndefu iitwayo The Works, ambayo ilikuwa ya kumi na moja kati ya zile walizozitengeneza studioni. Santuri iliyoitangulia, ya mwaka 1982, haikuwapendeza wengi wa wafuasi wao wa zamani, na kwa hiyo The Works ilitazamiwa kuurudisha moyo wa wasikilizaji. Nyimbo zake mbili zilipata kujulikana sana: Radio Ga Ga, uliotungwa na Taylor, na I Want to Break Free, uliotungwa na Deacon. Katika filamu fupi ya wimbo huo wa pili, wanamuziki wote wanne walivaa mavazi ya kike kwa mzaha. Waingereza waliuelewa mzaha ule, kwa kuwa michezo ya namna hiyo ni ya kale kwao. Wamarekani wengi hawakuupenda. Kikundi hakikwenda kuinadi santuri hiyo Marekani, na Mercury hakurudi tena kuimba huko pamoja na wenzake.

Safari ilianzia Brussels tarehe 24 Agosti 1984, ikapita Dublin, Birmingham na London, kisha ikaendelea katika miji ya Ujerumani, Italia, Ufaransa na Uholanzi, hata ikafika Vienna mwishoni mwa Septemba. Nyuma ya jukwaa yalitengenezwa magurudumu makubwa yenye meno, mfano wa mashine za kiwandani. Mapambo hayo yaliigwa kutoka katika Metropolis, filamu ya Fritz Lang ya mwaka 1927, ambayo yasimulia habari za mji ambamo mabwana hukaa juu katika anasa ilhali wafanya kazi hutumika chini ya ardhi. Hadi hapo safari haikutofautiana na nyingine za zama zile. Mwezi wa Oktoba ndipo kikundi kilipokwenda Sun City.

Sun City ilikuwa mahali pa anasa palipofunguliwa mwezi wa Desemba 1979, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka Johannesburg. Palikuwa na hoteli, nyumba za kamari, na ukumbi mkubwa wa maonyesho. Kamari ilikatazwa na sheria za Afrika ya Kusini, lakini Sun City haikuhesabiwa kuwa ndani ya Afrika ya Kusini. Ilikuwa katika Bophuthatswana, nchi iliyotangazwa na makaburu kuwa huru mwaka 1977. Uhuru huo ulikuwa wa jina tu. Bophuthatswana ilikuwa vipande vya ardhi vilivyotawanyika, na hakuna dola yoyote ya ulimwengu iliyoitambua isipokuwa Afrika ya Kusini yenyewe, pamoja na maeneo mengine yaliyoundwa kwa mpango ule ule. Makusudi ya mpango yalikuwa dhahiri: Mwafrika akifanywa raia wa nchi ya namna hiyo, huwa mgeni katika nchi aliyozaliwa, na madai yake ya kupiga kura huko hukosa msingi. Kwa hiyo kila mwimbaji mashuhuri aliyekubali kwenda Sun City kwa hoja ya kwamba hapo si Afrika ya Kusini aliikubali, apende asipende, ile ramani iliyochorwa Pretoria.

Wakati wenyewe nao haukuwa wa kawaida. Tarehe 3 Septemba 1984 katiba mpya ilianza kutumika Afrika ya Kusini, ikiwapa machotara na Wahindi mabaraza yao ya bunge, na kuwaacha Waafrika nje kabisa. Siku hiyo hiyo ghasia zilizuka Sharpeville, Sebokeng na vitongoji vingine vya kusini ya Johannesburg. Tarehe 16 Oktoba ilitangazwa kwamba Askofu Desmond Tutu amepewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Tarehe 23 Oktoba askari wa jeshi waliingia Sebokeng. Maonyesho ya Queen yalipangwa katikati ya siku hizo.

Wala haisemeki kwamba katazo halikujulikana. Mwezi wa Desemba 1980 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliyataka mataifa yote yazuie kila shirikiano la utamaduni na Afrika ya Kusini, na likawaomba waandishi na wanamuziki wasiende huko. Mwaka 1983 Halmashauri ya Umoja wa Mataifa iliyopinga ubaguzi wa rangi ilianza kutoa daftari la majina ya waliokwenda. Chama cha Wanamuziki cha Uingereza, ambacho watu wa Queen walikuwa wanachama wake, nacho kilikuwa kimewakataza wanachama wasipige muziki huko. Ni kweli kwamba Queen hawakuwa wa kwanza kulivunja katazo hilo. Frank Sinatra aliimba Sun City mwaka 1981, na Elton John na Rod Stewart walimfuata. Walakini wingi wa waliovunja haukulifanya katazo kuwa halipo.

Maonyesho yenyewe yalipatwa na mkosi. Katika siku za mwanzo sauti ya Mercury ilimkatikia. Aliondoka jukwaani baada ya nyimbo chache, na maonyesho kadhaa yakafutwa ili apate kupumzika. Yaliyobaki yalipigwa mbele ya ukumbi uliojaa. Waliporudi Uingereza walikuta lawama zinawangoja. Brian May alifika mbele ya halmashauri ya Chama cha Wanamuziki kujitetea kwa niaba ya wenzake. Hoja yao ilikuwa kwamba wao si watu wa siasa, kwamba humpigia muziki yeyote atakaye kuusikiliza, na kwamba hawakubali kupiga mbele ya watu waliotengwa kwa rangi zao. Zaidi ya hayo, kikundi kilikuwa kimeisaidia kwa fedha shule ya watoto viziwi na vipofu iliyokuwa Bophuthatswana. Chama hakikuridhika, kikawatoza faini. Na jina la kikundi likaandikwa katika daftari la Umoja wa Mataifa.

Hoja hiyo ya Queen haifai kupuuzwa, kwa maana haikuwa ya unafiki mtupu. Yaelekea waliamini wanayoyasema. Msaada kwa watoto wale ulikuwa msaada wa kweli, na waliouingia ukumbi hawakutengwa mlangoni kwa rangi. Kasoro yake yaonekana vizuri zaidi kwa kuliangalia neno lenyewe ambalo Kiswahili hulitumia kwa tendo la namna hii, nalo ni kususia. Mtu hususa peke yake, kwa hasira au uchungu wake, na kususa huko huweza kuwa jambo dogo la nyumbani. Lakini watu wa mtaa wanapoisusia arusi au karamu ya mtu aliyewadhulumu jirani zao, nguvu ya tendo lao haimo katika maneno. Imo katika mikeka iliyobaki mitupu na masinia yaliyopoa. Ajaye kula peke yake aweza kuwa na nia njema, aweza hata kumbebea chakula maskini aliyeko nje. Walakini mkeka haukubaki mtupu, na mwenye karamu amepata shahidi wa kusema kwamba watu walikuja. Queen walipimwa kwa kuja kwao, ilhali wao walijitetea kwa nia zao. Hapo ndipo pande mbili zilipokosa kuelewana.

Kwa wasomaji wa Afrika ya Mashariki liko jambo jingine la kukumbukwa. Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, naye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Maparsi waliotoka India, na baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza Unguja. Mtoto alipelekwa kusoma Panchgani, India, akarudi Unguja, na baada ya mapinduzi ya Januari 1964 jamaa yote ilihamia Uingereza. Katika miaka ile ile nchi aliyoiacha, iliyoungana na Tanganyika, ilikuwa ikijifanya kituo cha nyuma cha vita vya ukombozi. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikaa Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Chama cha ANC kilikuwa na makao Morogoro, na huko Mazimbu kilijenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria mwezi wa Aprili 1979. Hivyo mwaka 1984, wakati mzaliwa wa Unguja alipokuwa akiimba Sun City, vijana waliokimbia Afrika ya Kusini walikuwa wakisoma Mazimbu. Si haki kumdai Mercury deni la nchi aliyoondoka akiwa kijana wa miaka kumi na saba. Lakini historia yaonyesha jinsi njia za watu wa bahari moja zilivyopishana.

Safari iliendelea. Januari 1985 kikundi kilipiga Rio de Janeiro mbele ya umati mkubwa mno. Aprili kilifika Auckland, na hapo kilipokewa na waandamanaji waliopinga ubaguzi wa rangi. Watu wa New Zealand walikuwa wamegawanyika vikali juu ya jambo hilo tangu timu ya raga ya makaburu ilipozuru nchi yao mwaka 1981. Baada ya Australia, safari ilimalizikia Osaka tarehe 15 Mei 1985. Tarehe 13 Julai, katika tamasha la kuwachangia wenye njaa wa Ethiopia, Queen walipiga kwa muda wa dakika ishirini hivi katika uwanja wa Wembley, na sifa ya dakika hizo ikaifunika habari ya Sun City katika masikio ya wengi. Haikuifuta. Mwaka huo huo Steven Van Zandt aliwakusanya wanamuziki wengi, miongoni mwao Miles Davis na Bob Dylan, wakatoa wimbo wa kuapa kwamba hawatapiga Sun City, na tangu hapo ikawa aibu iliyo wazi kwenda huko.

Bophuthatswana ilirudishwa katika Afrika ya Kusini mwaka 1994. Mercury hakuiona siku hiyo, kwani alikufa London tarehe 24 Novemba 1991 kwa maradhi yaliyoletwa na UKIMWI. Tarehe 29 Novemba 2003 May na Taylor walipanda jukwaani Cape Town, Nelson Mandela mwenyewe akiwapo, katika tamasha la kupambana na ugonjwa huo huo. Tamasha hilo liliitwa 46664, nambari aliyopewa Mandela alipofungwa katika kisiwa cha Robben. Mwaka 1984 mwenye nambari ile alikuwa bado kifungoni, na waliomwomba mgeni asije walikuwa wakisema kwa niaba yake. Mwaka 2003 alikuwa huru kukaribisha mwenyewe, na wageni wakaja kwa mwaliko. Wanamuziki walikuwa wale wale, na nyingi za nyimbo zao zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni nani aliyekuwa mwenye karamu.