Senti ya tundu isiyo na herufi ilitengenezwa wapi?

Usenge, kandokando ya Ziwa Victoria, na hata hapa kwetu pwani, sanduku la bibi halikosi ndururu au senti kumi ya tundu. Akija mnunuzi mjanja atasema haina herufi, basi ni bandia, ili aichukue kwa bei ya kutupa. Usimsikize.

Sarafu hizi zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919, na hazikutengenezwa mahali pamoja. Herufi H ni kiwanda cha Heaton na KN ni King's Norton, vyote vya Birmingham. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kazi ilifanywa pia Bombay, kwa herufi I, na Pretoria, kwa SA. Isiyo na herufi kwa kawaida ni ya Royal Mint, London. Wao hawakujitia alama.

Lakini hakikisha herufi haipo kweli, maana ni ndogo mno na hulika. Izungushe juani kwa kioo cha kukuzia. Usiisugue kwa jivu wala ndimu (wengi wameharibu hapo). Kisha soma mwaka: senti kumi za 1945 ni za Pretoria, kwa hivyo ukikosa SA, itafute tena kabla ya kuitaja London.